Picha ya nyuma ya jicho: namna presha ya macho inavyogunduliwa kabla ya mtu kupoteza uwezo wa kuona

Mzee wa miaka sitini na kitu anafika kliniki ya macho akiwa ameshikwa mkono na bintiye. Anamweleza daktari kwamba ana ugonjwa wa mtoto wa jicho, na kwamba amekuwa akisubiri ukomae ndipo afanyiwe upasuaji kama jirani yake, ambaye sasa anasoma gazeti bila shida. Daktari anamtia matone ya kupanua mboni, anatazama ndani ya jicho, kisha anakaa kimya kidogo. Lenzi si mbaya. Kilichokufa ni neva iliyo nyuma ya jicho, ile inayopeleka kwenye ubongo kila kitu ambacho jicho linaona. Hakuna upasuaji wa kuirudisha.

Wanaohudumu katika kliniki za macho wanakijua kisa cha namna hii kwa sababu hujirudia, wagonjwa tofauti lakini maelezo yaleyale. Ugonjwa wenyewe ni glakoma, ambao wengi wanauita presha ya macho. Duniani kote ndio unaoongoza kwa kusababisha upofu usioweza kurekebishwa. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi, na lenzi hubadilishwa kwa upasuaji wa muda mfupi. Glakoma huua neva, na neva ya jicho ikishakufa haioti tena. Matibabu yaliyopo, na ni mazuri, kazi yake ni kulinda sehemu iliyobaki. Kwa hiyo anayegunduliwa mapema ana kitu kikubwa cha kulindiwa, na anayechelewa ana kidogo au hana kabisa.

Kipimo kimojawapo kinachosaidia kuuona ugonjwa huu mapema ni picha ya nyuma ya jicho. Hakiumi, huchukua dakika chache, na kimewahi kujaribiwa kwa simu ya mkononi katika vijiji vya Nakuru. Hata hivyo wakazi wengi hawajawahi kukisikia, na wengine hukipitia hospitalini bila kuelezwa kilikuwa cha nini.

Kwa nini mgonjwa hajui kwamba anaumwa

Neva ya jicho ni kama kamba nene iliyosokotwa kwa nyuzi zipatazo milioni moja. Glakoma, ya aina inayoonekana zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Kiafrika, hukata nyuzi hizo polepole kwa miaka mingi, bila maumivu, bila wekundu, bila machozi. Kwa kawaida zinazotangulia ni zile zinazohusika na kuona kandokando, si zile za katikati. Isitoshe, jicho moja hufidia upungufu wa jicho la pili, na ubongo nao hujaza pengo kwa kubahatisha kilichopo. Mgonjwa haoni doa jeusi. Anaona dunia iliyo kamili, isipokuwa bodaboda inayotokea upande wa kulia inamshtua, anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, au anaangusha kikombe kilichokuwa kando ya mkono. Watu wa nyumbani husema ni uzee.

Wakati huohuo anaweza kusoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho. Hili ni jambo la kutiliwa maanani, kwa sababu wakazi wengi wakishapimwa miwani huhesabu kwamba wamepimwa macho. Ubao wa herufi hupima uwezo wa kuona katikati peke yake, na katika glakoma sehemu hiyo ndiyo ya mwisho kuondoka. Hata mashine maalumu ya kupima upana wa kuona, ambapo mgonjwa hubonyeza kitufe kila anapoona nukta ya mwanga, inaweza kukosa kuona tatizo hadi robo au zaidi ya nyuzi ziwe zimekufa.

Uchunguzi wa kitaifa wa upofu uliofanywa nchini Nigeria kati ya 2005 na 2007 uliwapima watu wa miaka 40 na zaidi. Karibu watu 5 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Miongoni mwa hao waliokuwa nayo, wasiofika 6 katika kila 100 ndio waliokuwa wakijua, na mmoja kati ya watano alikuwa tayari ni kipofu.

Walio katika hatari zaidi ni watu waliopita miaka 40, watu wenye asili ya Kiafrika, wenye presha ya juu ndani ya jicho, wasioona mbali kwa kiwango kikubwa, na hasa wale ambao mzazi, kaka au dada yao ana ugonjwa huu. Mtu akiambiwa ana glakoma, jambo la kwanza la kuwafanyia watu wa damu yake ni kuwapeleka wakapimwe, wakiwemo wanaojiona wazima.

Ipo pia aina nyingine ya glakoma inayoanza ghafla: jicho linauma sana, linakuwa jekundu, mtu anaona duara za rangi kuzunguka taa na huenda akatapika. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Aende hospitali usiku huohuo.

Presha peke yake haitoshi

Jina la presha ya macho limewafanya wengi wadhani kwamba kupima presha ndani ya jicho kunamaliza kazi. Presha ya kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Lakini wapo wenye presha ya 25 ambao neva zao ni nzima miaka nenda miaka rudi, na wapo wenye 16 ambao neva zao zinaharibika. Aidha, presha hiyo hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Haina uhusiano wa moja kwa moja na presha ya damu inayopimwa mkononi, kwa hiyo kumeza dawa za presha ya damu si kutibu macho. Kipimo cha presha kina umuhimu wake, lakini hakionyeshi kama neva imeumia. Ili kulijua hilo, lazima neva yenyewe itazamwe.

Picha inaonyesha nini

Jicho ndilo pahali pa mwilini ambapo neva iliyounganika moja kwa moja na ubongo inaweza kuonekana bila kupasua chochote. Mboni ni dirisha. Kamera ya retina hupitisha mwanga kwenye dirisha hilo na kupiga picha ya ukuta wa nyuma, ambao una rangi ya chungwa na mishipa ya damu iliyotawanyika kama mizizi. Upande mmoja panaonekana duara jeupe jeupe lenye upana usiozidi milimita mbili hivi. Hapo ndipo nyuzi zote hukusanyika na kutoka nje ya jicho kuelekea ubongoni. Wataalamu hukiita kichwa cha neva.

Katikati ya duara hilo pana shimo dogo, na ukingo unaolizunguka ndio nyuzi zenyewe. Afikirie msomaji tonge la ugali lililobonyezwa kwa kidole gumba ili kuchotea mchuzi. Tonge lenye shimo dogo lina ukingo mnene. Kadiri kidole kinavyozidi kusukuma, shimo linapanuka na ukingo unakonda, hadi upande mmoja unapasuka. Glakoma inafanya hivyo kwa kichwa cha neva: nyuzi zinapokufa, ukingo hukonda na shimo hupanuka.

Mtaalamu anayesoma picha hulinganisha urefu wa shimo, kutoka juu hadi chini, na urefu wa duara zima. Shimo likichukua sehemu tatu au nne za kumi, kwa kawaida hakuna la kutia shaka. Likifika sehemu sita au saba za kumi, mtu huyo anahitaji kuchunguzwa zaidi. Shimo la jicho moja likiwa kubwa kuliko la jicho lingine kwa tofauti iliyo wazi, hilo nalo ni dalili, hata kama yote mawili bado ni madogo. Mtaalamu hutafuta pia ukingo uliokonda upande wa juu au wa chini, na tone dogo la damu kwenye mpaka wa duara, ambalo hutoweka baada ya muda na ni rahisi kupitwa nalo.

Yote hayo daktari anaweza kuyaona kwa macho yake. Kifaa cha kutazamia ndani ya jicho kilielezwa na Hermann von Helmholtz huko Ujerumani mwaka 1851, na hadi leo kliniki nyingi zinakitumia. Tofauti ni kwamba daktari akishatazama, kinachobaki ni maneno machache kwenye faili au mchoro wa kalamu. Mwaka unaofuata mgonjwa huenda akaonwa na mtu mwingine, na maneno ya mmoja si kipimo cha mwingine. Picha hubaki kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo faida yake kubwa ilipo. Wapo watu waliozaliwa na shimo kubwa na hawatapata glakoma maishani, na kati ya watu wenye asili ya Kiafrika vichwa vya neva vikubwa, na mashimo makubwa yanayoendana navyo, ni jambo la kawaida. Picha moja ya mtu kama huyo inaweza kumtia hofu bure. Picha mbili zilizopigwa miaka miwili mbalimbali husema zaidi: shimo likiwa lilelile, huenda ndivyo alivyoumbwa; likiwa limepanuka, kuna kitu kinachoharibu neva. Mkazi anayepigwa picha ya kwanza akiwa na miaka 40 na afya njema amejiwekea kumbukumbu ambayo daktari wa miaka kumi baadaye atashukuru kuipata.

Katika hospitali zenye vifaa zaidi, ipo mashine nyingine inayoitwa OCT, iliyotangazwa na watafiti wa Marekani mwaka 1991. Yenyewe haipigi picha ya sura ya juu tu, bali hutumia mwanga kupima unene wa tabaka la nyuzi, ambalo kwa mtu mzima lina wastani wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Inaweza kuona tabaka likikonda kabla jicho la mtaalamu halijatambua. Ni mashine ghali, na mahali isipokuwepo, picha ya kawaida iliyo safi na mtu anayejua kuisoma vinafanya kazi kubwa.

Simu iliyojaribiwa Nakuru

Swali lililowasumbua wataalamu wa Kenya kwa muda mrefu ni namna ya kuipeleka kamera kwa watu. Kamera ya kawaida ya retina hukaa mezani, inahitaji umeme, ni nzito na ni ghali, na wanaoihitaji zaidi wako mbali na lami.

Nakuru ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Mwaka 2007 na 2008, timu iliyoongozwa na daktari wa macho Wanjiku Mathenge iliwapima macho wakazi 4,414 wa miaka 50 na zaidi katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru, katika maeneo 100 yaliyochaguliwa. Miaka sita baadaye, watafiti walirudi katika maeneo yaleyale kuwatafuta watu walewale, safari hii wakiongozwa na daktari wa macho Andrew Bastawrous wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Vifaa vya hospitali vilisafirishwa kwa gari hadi penye barabara mbovu na pasipo umeme. Waligundua kwamba kitu kilichopatikana karibu kila mahali ni mtandao wa simu.

Kwa hiyo walikuja pia na kifaa kidogo cha kubandika juu ya kamera ya simu, kilichoitwa Peek Retina. Watu 1,460 walipigwa picha ya kichwa cha neva kwa kamera ya mezani na pia kwa simu, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa matone. Miongoni mwa waliopiga picha kwa simu alikuwemo mtu ambaye hakuwa na uzoefu wowote wa kupiga picha za macho, aliyefunzwa kwa ajili ya kazi hiyo. Picha zilisomwa na wataalamu wa hospitali ya macho ya Moorfields, London. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA Ophthalmology yalionyesha kwamba vipimo vya shimo vilivyotokana na simu vilikaribiana sana na vya kamera ya mezani, wawe wamepigwa na mzoefu au na asiye mzoefu.

Maana yake ni kwamba si lazima anayepiga picha awe daktari. Afisa wa kliniki au mhudumu aliyefunzwa anaweza kupiga picha katika zahanati, na daktari wa macho akaisoma akiwa mji mwingine. Madaktari wa macho nchini ni wachache na wengi wao wako mijini. Kwa utaratibu huo, wanaosafiri kwenda kuwaona ni wale ambao picha zao zimetia shaka, badala ya kijiji kizima.

Haimaanishi kwamba simu ya mtu binafsi, bila kifaa hicho, inaweza kuona glakoma. Wala picha peke yake haitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Picha hutoa shaka. Uthibitisho hutoka kwa daktari baada ya kupima presha, upana wa kuona na umbo la jicho. Wenye mtoto wa jicho mzito mara nyingine picha zao hutoka na ukungu na hazisomeki. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosoma picha hizi na kutenga zenye shaka, na zinaendelea kuboreshwa, lakini uamuzi wa matibabu bado ni wa mtaalamu.

Akigunduliwa, nini kinafuata

Matibabu yote yana lengo moja: kushusha presha ndani ya jicho ili neva isiendelee kuumia, hata kwa wale ambao presha yao ilionekana ya kawaida. Yaliyozoeleka zaidi ni matone, kila siku, maisha yote. Shida yake ni kwamba mgonjwa haoni faida. Matone hayamfanyi aone vizuri zaidi kuliko jana, dawa inagharimu fedha, na ikiisha katikati ya mwezi hakuna maumivu ya kumkumbusha. Wengi huacha hapo. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa dawa ya timolol, inayotumiwa sana, inaweza kumbana kifua.

Njia nyingine ni miale ya leza. Watafiti katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, waliwalinganisha wagonjwa wa glakoma waliotibiwa kwa aina ya leza inayoitwa SLT na waliopewa matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefaulu katika macho 61 kati ya kila 100 upande wa leza, na 31 kati ya kila 100 upande wa matone. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Pale ambapo matone na leza havitoshi, upasuaji wa kufungua njia ya maji ya jicho hufanywa.

Onyo moja linafaa hapa, ingawa si la picha. Matone yenye steroidi, yanayonunuliwa dukani bila maagizo ya daktari kwa ajili ya macho yanayowasha, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kusababisha glakoma, hata kwa mtoto wa shule. Jicho likiwasha huhisi nafuu haraka, na ndiyo sababu mzazi hurudi kununua chupa nyingine.

Siku ya kwenda kupimwa

Si kila kituo kina kamera ya retina, kwa hiyo ni vyema kuuliza kwanza katika zahanati au kwa mhudumu wa afya ya jamii ni kituo gani kilicho karibu chenye kliniki ya macho, siku zake na gharama yake. Asiyejisajili na SHA anaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147#. Mtu abebe miwani yake, chupa za matone anayotumia, na majina ya watu wa familia waliopofuka, hata kama haikujulikana ni kwa sababu gani.

Akitiwa matone ya kupanua mboni, ataona ukungu wa karibu na mwanga utamchoma macho kwa saa kadhaa. Asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo; aje na kofia au miwani ya jua, na ikiwezekana mtu wa kumsindikiza. Mwenye kisukari apigwe picha hiyo kila mwaka kwa vyovyote, kwa kuwa picha hiyohiyo huonyesha pia madhara ya kisukari katika mishipa ya damu ya jicho.

Akiitwa na daktari kuelezwa matokeo, aulize mambo mawili: shimo la kila jicho ni kiasi gani, na lini arudi kupigwa picha nyingine. Aombe nakala ya picha, kwa karatasi au kwenye simu yake, tarehe ikiwa imeandikwa, aitunze pamoja na kitambulisho na kadi nyingine za hospitali. Akihamia Mombasa au Kisumu kesho, daktari wa huko atahitaji kuiona ya leo.